Kiko cha Gunzi na Hila Zake

Twapenda kusema neno juu ya kitu kidogo, ambacho watu wengi hudhani hakistahili hata kutajwa na mwalimu, nacho ni kiko cha gunzi la hindi. Yapo mabaya yanayopigiwa kelele kila siku, hata yule ayatendaye huona haya mbele ya watu. Na yapo mengine yaingiayo nyumbani kwa upole, yakapewa kiti na kuitwa mgeni. Kiko cha gunzi ni cha namna hii ya pili, na ndiyo sababu twataka kukisema waziwazi.

Sisi twafundisha Makoongwe, kisiwa kidogo kinachotazamana na bandari ya Mkoani, upande wa kusini wa Pemba. Vitu vingi tusivyokuwa navyo hapa huvushwa kwa chombo kutoka ng'ambo, na kuvuka kuna gharama yake. Kwa hiyo watu wa kisiwani hupenda sana kitu kiwezacho kufanywa papa hapa kwa mikono yao wenyewe, nasi twawasifu kwa hilo. Basi asemapo mtu barazani kwamba kiko chake hakikununuliwa dukani, bali amekichonga mwenyewe kwa gunzi la shamba lake, maneno yake huwaingia wasikilizaji vizuri. Ati sigara ndiyo mbaya, kwa kuwa ni ya kiwandani. Lakini kiko cha gunzi ni kitu cha shamba, na kitu cha shamba hakimdhuru mtu. Neno hili ndilo tunalotaka kulipinga.

Tusianze kwa kudanganya. Kiko cha gunzi kina mvuto wake, na mwalimu akanushaye jambo ambalo kila mtu analiona hasikilizwi tena. Baada ya kupukuchua mahindi, gunzi hutupwa ama hutiwa jikoni. Mtu mwenye kisu hulitwaa lililo kavu, akalikata kipande, akatoa kiini chake kilicho laini, akatoboa ubavuni na kupachika tete. Kazi ya muda mchache tu, na kiko kimekwisha. Ni chepesi mdomoni, hakiwi moto upesi mkononi kama cha udongo, na kikiungua mtu hukitupa pasipo kujuta, akafanya kingine. Tena kuna ile hali ya kukaa kitako jioni, baada ya kutoka pwani ama shambani, mtu akashindilia tumbaku polepole, akapuliza moshi, na mazungumzo yakatembea. Mvuta kiko huonekana mtu mtulivu, mwenye akili na shauri. Haya yote ni kweli. Lakini wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwanza tuwajibu wale wasemao kwamba hiki ni kitu cha wazee wetu, na kwamba kukikataa ni kuwadharau. Twauliza: wazee gani? Kiko kilichojulikana na wazee wa pwani hii kilikuwa cha maji. Palikuwa na bori la kutilia tumbaku na kaa, digali la kupitisha moshi hadi majini, kiko chenyewe cha kuwekea maji, na shilamu ya kuvutia. Na ile sauti ya maji ikaitwa malio ya kiko. Kiko cha gunzi sicho hicho. Tena mahindi yenyewe na tumbaku yenyewe vyote viwili ni wageni. Mimea hii asili yake ni Marekani, na watu wa pande zetu hawakuijua ila baada ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Sisi tuliuita mmea ule muhindi, kana kwamba umetoka Hindi, lakini jina halibadili asili.

Nacho kiko cha gunzi kina mji wake huko huko Marekani. Katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, fundi seremala mmoja aliyetoka Uholanzi, jina lake Henry Tibbe, alianza mwaka 1869 kuvichonga viko vya magunzi kwa mashine yake. Na mwaka 1878 akapata hati ya serikali ya kulinda ufundi wake wa kuvipaka plasta. Kiwanda hicho kikaitwa baadaye Missouri Meerschaum. Huko hawatumii gunzi lolote tu, bali hupanda mahindi ya namna ya peke yake yenye gunzi nene na gumu, wakayakausha magunzi muda mrefu kabla ya kuyachonga. Picha za jemadari Douglas MacArthur, aliyeshuka Japani mwezi wa Agosti 1945 na kiko cha gunzi mdomoni, zilienea dunia nzima. Basi yule asemaye kwamba kiko cha gunzi si kitu cha kiwandani, na ajue kwamba kiko hiki kina kiwanda chenye umri wa zaidi ya miaka 150.

Hatusemi kwamba kitu ni kibaya kwa sababu kimetoka ugenini. Muhogo nao ulitoka Marekani, nao umetulisha katika njaa nyingi. Hata mikarafuu, ambayo ndiyo fahari ya Pemba, ililetwa katika visiwa hivi katika karne ya 19, na asili yake ni visiwa vya Maluku huko Mashariki. Twasema hivi tu: mtu asijifiche nyuma ya wazee kwa jambo ambalo wazee hawakulianzisha. Apime kitu kwa faida yake na hasara yake.

Pili, wapo wasemao kwamba kinachodhuru ni karatasi ya sigara na dawa zitiwazo kiwandani, wala si tumbaku yenyewe. Maneno haya si kweli. Ndani ya jani la tumbaku, hata likipandwa nyuma ya nyumba na kuanikwa juani, mna sumu iitwayo nikotini, iliyopewa jina hilo kwa ajili ya Jean Nicot, balozi wa Ufaransa aliyepeleka tumbaku kwao mnamo mwaka 1560. Hii ndiyo imfungayo mtu hata asiweze kuacha. Haikutiwa na mwenye kiwanda. Imo katika jani. Hata wavunao majani mabichi ya tumbaku yenye umande huweza kuugua kichefuchefu na kizunguzungu, kwa kuwa sumu hiyo hupenya katika ngozi. Na jani likiisha kuwashwa, moshi wake huwa na vitu vya namna mbalimbali zaidi ya 7,000, na katika hivyo wataalamu wamehesabu visivyopungua 69 viletavyo saratani. Moshi hauulizi kama ulitoka katika karatasi au katika gunzi. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Tatu, wasema: "Sisi wavuta kiko hatumezi moshi, twauonja mdomoni tu, kisha twautoa." Hapa pana chembe ya kweli, nasi tutaitaja kwa haki. Mvuta kiko asiyeuvuta moshi hadi kifuani hupungukiwa na hatari ya saratani ya mapafu akilinganishwa na mvuta sigara. Lakini kupungukiwa si kuokoka. Moshi wa kiko, kwa tabia yake, huiacha nikotini ipenye katika nyama ya mdomo pasipo kufika mapafuni. Kwa hiyo asiyemeza naye hufungwa vilevile. Na mahali moshi unapokaa ndipo unapoharibu: midomo, ulimi, mashavu kwa ndani, na koo. Tena yule aliyezoea sigara kwanza akahamia kiko, desturi yake ya kumeza moshi huja nayo. Na maji ya kiko cha kale, au ya shisha ya siku hizi, hayausafishi moshi huo. Huupoza tu, hata mtu akauvuta mwingi zaidi. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku shisha mwaka 2017 kwa sababu ya madhara yake.

Nne, ndilo neno linalosemwa zaidi kuliko yote: "Babu yangu alivuta kiko tangu ujana wake, naye alikufa mzee sana." Twamheshimu babu huyo. Lakini ushahidi wake si kamili, kwa maana wale waliokufa na miaka 50 hawaji barazani kushuhudia. Anayesema ni yule aliyebaki tu. Ni kama kuwauliza mabaharia waliofika salama kama bahari inaua. Mtu atakaye kujua kweli lazima ahesabu waliofika na waliozama pamoja.

Kazi hiyo ya kuhesabu imekwisha kufanywa. Mwaka 1950 mabwana wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza kwamba katika hospitali walizozichunguza wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa wavutaji mno kuliko wagonjwa wengine. Mwaka 1951 wakaanza kuwaandika madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, wakawafuata mwaka kwa mwaka. Habari za miaka 50 zilipochapishwa mwaka 2004, ilionekana kwamba wanaume waliovuta sigara maisha yao yote walikufa mapema kuliko wenzao wasiovuta kwa kadiri ya miaka 10. Nalo Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na katika hao wamo zaidi ya milioni 1 ambao hawakuvuta kamwe, bali walikaa tu karibu na mvutaji. Hao ni nani? Wengi ni wake na watoto. Yule asemaye, "Navuta mapafu yangu mwenyewe," na ahesabu tena vifua vilivyomo chumbani mwake.

Tano, husemwa kwamba kiko cha gunzi hakina gharama. Ni kweli, gunzi ni bure. Lakini tumbaku si bure. Atakaye kuinunua hutoa fedha kidogo kila siku, na haba na haba hujaza kibaba. Atakaye kuipanda huitolea ardhi, na katika kisiwa kama hiki chetu kila tuta la tumbaku ni tuta moja lililopungua la muhogo au viazi. Tena tumbaku ina tabia moja: siku isipopatikana, mtu hatulii. Ndipo yule aliyejisifu kwamba hanunui vitu vya kiwandani huonekana dukani akiomba sigara moja moja kwa mkopo. Kiko kimemfundisha njia ya kwenda dukani.

Hapa mtu mwerevu aweza kutukamata na kusema: "Ninyi watu wa Pemba mwaulaumu moshi, na karafuu zenu zilikwenda wapi?" Swali ni la haki, nasi hatulikimbii. Ni kweli kwamba huko Indonesia watu huchanganya karafuu na tumbaku, wakafanya sigara ziitwazo kretek, na kwa miaka mingi nchi ile ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba. Lakini nini kilitokea? Waindonesia walipanda mikarafuu yao wenyewe mpaka wakajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ya karafuu zetu ikaanguka vibaya. Hata biashara yenyewe basi haitupi sababu ya kuutetea moshi. Karafuu ina kazi nyingi njema, katika chakula, katika dawa ya meno na katika manukato. Na mkulima wa Pemba ana haki ya kutafutiwa soko katika hayo.

Hata hivyo, yote tuliyoyasema hayangetufanya kushika kalamu kama jambo lingekuwa la watu wazima peke yao. Mtu mzima ana akili zake. Lakini sisi ni walimu, na kazi yetu ni watoto, na kwa upande wa watoto kiko cha gunzi ni kibaya kupita sigara. Twajua neno hili litawastaajabisha wengi, kwa hiyo tulieleze. Sigara ina bei, na mtoto hana fedha. Tena mwenye duka aweza kumkataa. Lakini gunzi halina bei wala mlinzi. Linalala uani, kila mahali panapoliwa mahindi. Mtoto wa miaka tisa mwenye kisu aweza kulichonga, nasi twamsifu kwa ufundi wake. Kwanza hutia majani makavu ya mgomba au ya mwembe, akacheza mchezo wa babu. Siku nyingine hutia tumbaku aliyoiokota katika mfuko wa babu huyo huyo. Na nani aliyemwonyesha? Ni sisi wazima, tumwambiapo, "Nenda jikoni, kanitilie kaa." Mtoto huchukua kiko, na ili moto usizimike njiani hukivuta mara moja, mara mbili. Hapo ndipo masomo yake ya tumbaku yanapoanza, na mwalimu wake ni baba yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nikotini humshika mtoto upesi kuliko mtu mzima, kwa kuwa ubongo wake haujakomaa bado. Wengi wa wavutaji wakubwa walianza kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo vita hivi vyote hupiganwa utotoni, naye akiisha kupita umri huo salama, yamkini hatavuta kamwe. Tanzania ilitunga sheria ya mazao ya tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 ikajiunga na mapatano ya Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku. Hayo ni mema. Lakini hakuna askari awezaye kulinda magunzi yote yaliyolala uani. Mlinzi ni mzazi.

Wengine watasema, "Mazoea yana taabu, wala haiwezekani kuacha." Kwamba yana taabu twakubali, kwamba haiwezekani twakataa, nao ushahidi uko hapa hapa kwetu. Jirani zetu katika kisiwa hiki, walio wengi, ni Waislamu. Kila mwaka mwezi wa Ramadhani ufikapo, mvutaji miongoni mwao hukiweka kiko chini tangu alfajiri mpaka jua linapokuchwa, siku 29 au 30, huku akiendelea na kazi zake za pwani na shamba. Hafi. Huumwa kichwa siku za kwanza, akawa mkali kidogo kwa watu, kisha mwili huzoea. Basi awezaye kuacha kwa saa 13 kila siku kwa mwezi mzima amekwisha kuonyesha kwamba bwana ni yeye, si kiko. Jambo hili halina mlango wa kanisa wala wa msikiti. Mtu wa dini yoyote aweza kujifunza kwa jirani yake. Na faida ya kuacha ni kubwa: wale madaktari wa Uingereza walioacha sigara walipokuwa na miaka 60 walipata miaka 3 zaidi ya maisha kuliko wale walioendelea, walioacha na miaka 50 walipata 6, walioacha na miaka 40 walipata 9, na walioacha na miaka 30 walipata karibu yote 10. Hapana umri ambao kuacha hakufai.

Basi twashauri nini? Hatushauri kuivunja baraza. Mtu wa kwetu hapendi kiko hasa. Apenda kukaa na wenzake jioni, mkono wake uwe na kazi na mdomo wake uwe na ladha. Hayo yote yapatikana kwa njia nyingine. Kahawa chungu yenye tangawizi ipo, bao lipo, nyavu za kushona zipo, na mkono unaoshona wavu hauna nafasi ya kushika kiko. Mzee asiyeweza kuacha leo, na avute mbali na chumba cha watoto na mbali na paa la makuti, maana cheche moja yatosha kuteketeza nyumba. Wala asimtume mtoto kumtilia kaa. Moto wa kiko chake na autie mwenyewe. Hili ni dogo, wala haligharimu senti moja, lakini kama kila mvutaji wa Makoongwe angelishika, mtoto asingekuwa na sababu ya kukitia mdomoni.

Na magunzi je? Yana kazi yake. Yawashwe jikoni, yapikie uji. Kama mtoto ataka kuonyesha ufundi wa kisu chake, na achonge ngalawa ndogo ya kuelea majini; nasi shuleni tutampa sifa mbele ya wenzake.

Haya ndiyo maneno yetu. Twajua kwamba wapo wasomaji watakaotuona wakali kwa kitu kisichozidi kidole gumba. Aliye na hoja ya kukitetea kiko cha gunzi na ailete katika gazeti hili, nasi tutaisoma kwa moyo mweupe. Ila twamwomba, kabla ya kushika kalamu, amtazame kwanza mtoto wake mwenyewe, akajiulize kama angependa kukiona kiko hicho mdomoni mwake.